Usinihurumie kwa strungi yangu

Tukubaliane jambo moja kwanza. Hapa Kisii na Nyamira, strungi ni siri ya familia. Mgeni akibisha hodi na maziwa yameisha, mtoto anatumwa mbio kwa jirani na kikombe mkononi. Maziwa yakikosekana kabisa, mama anamkaribisha mgeni huku akiomba radhi: "Utavumilia tu, leo ni ya rangi." Cheki hapo, hakuna anayeomba radhi kwa sababu ya majani. Majani yapo, yamefunika kilima kizima kutoka nyuma ya nyumba hadi mtoni. Aibu yote iko kwenye maziwa.

Leo naitetea strungi. Si ile ya kuvumilia. Nazungumzia strungi nzito, nyekundu, yenye harufu ya moshi kwa mbali na ganda la limau ndani yake. Na kabla hujasema hii ni stori ya watu wasio na kazi, ngoja kidogo. Mwisho wake ni pesa ya mzazi wako.

Tuanze na moshi. Kama umekulia Nyamache, Kiamokama au Ikonge, huu moshi unaujua bila kufundishwa. Maji yanachemka juu ya mawe matatu, sufuria haina kifuniko, kuni ni za mkaratusi ambao haujakauka vizuri, na chai ikimiminwa inanukia jikoni. Halafu unahamia Nairobi, unapika kwa gesi, majani ni yale yale, sukari ni ile ile, na bado unahisi kuna kitu kimepungua. Ni moshi, buda. Umezoea kuunywa miaka yote bila kujua ni kiungo.

Majirani zetu wa Kericho na Bomet wanajua kwamba moshi na makaa ni viungo, na hawaoni haya. Kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa makaa ya mti uliochaguliwa kabla maziwa hayajatiwa. Leo mwanariadha akirudi na medali, kitu cha kwanza anachopewa uwanja wa ndege ni mursik. Hakuna anayemwambia, "Utavumilia tu."

Sasa twende mbali kidogo. Huko Fujian, kusini-mashariki mwa Uchina, kwenye milima ya Wuyi, kuna chai inayoitwa Lapsang Souchong. Majani yake hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari mpaka yanukie kama nguo za mtu aliyelala karibu na moto. Na hilo neno souchong linahusu majani makubwa, yale ya chini ya chipukizi. Yaani majani ya aina ile ambayo karani wa kituo cha kununulia chai angemrudishia mama yako akimwambia arudi na majani mawili na kichipukizi. Wenzetu waliyatia moshi, wakayapa jina, na sasa yanauzwa kwenye makopo ya kupendeza duniani kote.

Upande wa limau kuna Earl Grey. Jina limetoka kwa Charles Grey, bwana mmoja aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834. Ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamot, tunda la jamii ya ndimu na machungwa linalolimwa kwa wingi Calabria, kusini mwa Italia. Kwa hivyo majani yametoka kwa wengine, tunda limetoka kwa wengine, na jina ni la Mwingereza. Kuna maduka London yanayouza vyote viwili vikiwa vimechanganywa, moshi na bergamot, kopo moja. Ni strungi ya jikoni kwa nyanya yako na ganda la limau, ila imevaa suti.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa ya kushangaza, kwa sababu moshi huo huo ukiingia kwenye chai ya kiwanda chetu, ni kasoro.

Fuatilia hii pole pole. Kiwandani, majani hunyaushwa, hukatwakatwa na kusokotwa kwa mashine za CTC, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa moto. Joto hutoka kwenye boila inayokula kuni kila siku, lakini moshi wenyewe hautakiwi kugusa majani hata kidogo. Ukigusa, mwonjaji wa chai atauhisi, ataandika kwamba chai ina moshi, na bei itaumia. Sisemi mwonjaji anakosea. Mnunuzi wa chai yetu anataka rangi na nguvu safi ya kuchanganya na chai za nchi nyingine kwenye pakiti yake. Moshi wa bahati mbaya unamharibia mchanganyiko.

Tofauti ya moshi wa Fujian na ule wa ajali ni kukusudia. Mmoja umechaguliwa, umepimwa, umepewa jina. Mwingine umeingia tu. Nikifikiria hivyo, naona hata strungi yetu iko vivyo hivyo. Tunainywa kwa bahati mbaya, siku maziwa yakiisha. Hatujawahi kuikusudia.

Na usidhani ni lazima iwe hivi kwa sababu majani yetu yalizaliwa kwa ajili ya maziwa. Misri ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, na huko wananywa bila maziwa, nyeusi tii, sukari nyingi. Warusi wameinywa na kipande cha limau kwa vizazi. Teremka hapo Mombasa au Lamu, chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai inaandaliwa mgeni bila mtu kuomba msamaha. Sisi tunaolima ndio tunaiona ni dalili ya shida nyumbani.

Sasa tufike kwenye pesa. Mwaka wa 2024 Kenya ilizalisha karibu kilo milioni 600 za chai, na sehemu kubwa mno iliuzwa nje. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA huku kwetu unavijua: Nyamache, Ogembo, Kiamokama na Itumbe upande wa Kisii, Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Tombe upande wa Nyamira. Chai yao nyingi hupitia mnada wa Mombasa, ambako bei hutajwa kwa dola. Na kabla ya mtu kutaja dola yoyote, chai inaonjwa.

Huo uonjaji si uchawi. Mtu anapima majani machache kwenye mizani ndogo. Anayamwagia maji yanayochemka, anangoja dakika tano hivi, anamimina kwenye bakuli. Anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kelele ambayo mama yako angekupiga kofi ukiipiga mezani, anaizungusha mdomoni, anatema. Kisha anahamia bakuli la pili. Kazi ya mwaka mzima ya mama yako, kuamka na baridi, kikapu mgongoni, mvua, foleni kwenye kituo, inapita kwenye ulimi wa mtu mmoja kwa sekunde chache.

Halafu Oktoba inafika, bonasi inatangazwa. Kwa miaka mingi bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, vyetu vikiwemo, imekuwa chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya. Wazee wanakasirika, na wana haki. Maelezo wanayopewa mara nyingi ni kwamba chai ya huku ilipata bei ya chini mnadani, kwamba ubora ni tofauti. Wakulima wengi wanashuku usimamizi, gharama na siasa. Hilo zogo unalijua, sitalirudia.

Lakini nikuulize swali moja tu. Ukiambiwa "ubora wenu ni duni", unajibu nini? Umewahi kuonja chai ya kiwanda chenu kando ya chai ya kiwanda kilicholipwa vizuri? Hata kikombe kimoja? Mzazi wako amechuma chai miaka 30, anajua jani kwa vidole kuliko mtu yeyote Mombasa, lakini ladha ya kazi yake anaijua kupitia maziwa na vijiko vitatu vya sukari. Mtu akimwambia chai yake haina nguvu, haina mng'ao, ina moshi, hana namna ya kukubali wala kukataa. Anabaki kupiga kelele getini. Na kelele bila ushahidi zinasahaulika kufikia Desemba.

Ndiyo maana naitetea strungi. Maziwa na sukari ni rafiki mwema anayekuficha aibu, yanafunika kila kitu. Strungi haifichi. Ukiizoea, ulimi unaanza kutofautisha: hii inakaza mdomo, hii ni bapa, hii imechemshwa hadi imekufa. Na mahali rahisi pa kuanzia ni moshi na limau, kwa sababu hizo ni ladha zenye sauti kubwa. Hata mtu ambaye hajawahi kuonja chochote kwa makini atazisikia. Hakuna cheti kinachohitajika. Mimi mwenyewe chuo niliacha katikati, na ulimi wangu haujawahi kuulizwa digrii.

Basi jaribu hivi. Chukua majani ya kawaida ya pakiti, vijiko vinne, uyatie kwenye chujio la waya. Toka nje, narudia, nje. Tafuta makaa yaliyokaribia kuzima, uyawekee vijiti vikavu vya mpera au mti mwingine wa matunda. Usitumie mbao zenye rangi au dawa, na mkaratusi uache, utanukia kama dawa ya kikohozi. Moshi ukianza kupanda, inua chujio juu yake, mbali na moto wenyewe, ulifunike kwa sufuria kuukuu dakika tano hadi kumi. Majani yakipoa, yafunge kwenye mkebe siku moja au mbili ili harufu itulie. Ukipika, changanya kijiko kimoja cha majani ya moshi na vitatu vya kawaida. Ukizidisha moshi utakuwa unakunywa jivu.

Limau nalo lina adabu yake. Harufu nzuri iko kwenye mafuta ya ganda, ile sehemu ya njano ya juu. Limenye ganda jembamba, uepuke ngozi nyeupe ya ndani kwa sababu ni chungu. Maji yakichemka, epua. Tia majani na ganda, funika, hesabu dakika tatu. Majani yetu ni ya CTC, yamekatwa madogo, yanatoa rangi haraka, hayahitaji kuchemka robo saa kama maharagwe. Chuja. Maji ya limau yaje mwisho, matone machache tu. Utaona chai inapauka kutoka nyekundu nzito hadi rangi ya chungwa. Usiogope, ni asidi inafanya kazi yake, chai haijaharibika. Ila usithubutu kuongeza maziwa hapo, yataganda vipande vipande.

Kama huna limau, ganda la chungwa lililooshwa vizuri lina utamu wake. Hata hilo likikosekana, kuna mchaichai pale kando ya ua. Hauna undugu na limau hata kidogo, ni nyasi, lakini harufu ni ile ile. Onja kwanza bila sukari, fyonzo moja tu kwa ajili ya kujua. Kisha tia sukari unavyopenda, sikuja hapa kukuhukumu. Na ukiwa na viazi vitamu au ndizi za kuchemsha pembeni, utaniambia.

Kuna mtu ameshaanza kuniuliza: kwa nini nisumbuke na chujio wakati moshi wa jikoni uko bure? Hapa naomba tusikilizane. Wanaosifu moshi wa jikoni mara nyingi si wale wanaoupuliza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Yale macho mekundu ya nyanya na kile kikohozi chake cha asubuhi si utamaduni. Kwa hivyo moshi uende kwenye majani, kwa dakika kumi, nje, mara moja kwa mwezi. Jikoni mwa mama weka bomba la kutolea moshi, au jiko bora, au gesi ukiweza. Ladha tunaweza kubaki nayo bila kumlipisha mtu mapafu yake.

Mwingine atasema hii ni chai ya mabwanyenye. Kwa kweli ni kinyume. Ganda la limau unalolitupa ni bei rahisi kuliko maziwa unayoyatafuta kwa jirani. Na kama una kibanda pale Keroka, Daraja Mbili au stendi ya Nyamira, jaribu kuongeza flaski moja tu kando ya ile ya maziwa. Andika kwenye kadibodi: "Strungi ya moshi na limau." Usiandike "chai kavu", hilo jina lina huzuni. Kuuza vikombe ni jambo moja. Ukitaka kupakia na kuuza kwenye maduka, hapo jipange, maana kuna usajili wa Bodi ya Chai ya Kenya iliyorudishwa na Sheria ya Chai ya 2020, na kuna alama ya ubora ya KEBS. Usiruke hizo hatua halafu useme blogu ilikudanganya.

Jina lina maana, na ushahidi uko hapa hapa kwetu. Nenda Tabaka. Wale wachongaji wametoa jiwe ardhini, wakalipiga msasa, na leo sehemu nyingi duniani mtu akishika kile kinyago laini cheupe au cha waridi anaambiwa ni jiwe la Kisii. Jiwe linatembea na jina letu. Chai, ambayo imefunika vilima vyetu vingi, inatoka hapa kwenye magunia, inachanganywa huko mbele, na inafika mezani kwa mtu bila kumtajia Kisii wala Nyamira. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Chai yetu haijawahi kucheza kwao. Inapita tu ikielekea Mombasa.

Najua kikombe cha limau hakitapandisha bonasi ya mwaka huu. Sijasema hivyo. Nimesema mkulima asiyejua ladha ya chai yake atauziwa kila maelezo. Kwa hivyo nina ombi moja, na ni la kufanya, si la kupigia makofi.

Mkutano wa wakulima ukiitishwa kiwandani kwenu, usimwachie mzee peke yake. Nenda naye. Wakifika pale pa kusema ubora, inua mkono uombe meza na vikombe. Chai ya kiwanda hiki kwenye kikombe cha kwanza. Chai ya kiwanda kilicholipwa zaidi kwenye cha pili. Bila maziwa, bila sukari, majina yakiwa yamefunikwa. Wakulima wapite mmoja mmoja, waonje, waseme ipi ni ipi. Ikiwa yetu ni hafifu kweli, tutaisikia wenyewe, na tutauliza ilipoharibikia: shambani, kwenye lori lililochelewa, au ndani ya kiwanda. Ikiwa hazina tofauti, basi kuna mtu ana maswali ya kujibu, na safari hii hatatujibu kwa neno "ubora" peke yake.

Ni majani machache na birika la maji moto. Kiwanda cha chai hakiwezi kusema hakina hivyo viwili. Lakini ili siku hiyo ufike ulimi wako ukiwa tayari, anza mazoezi wiki hii. Na ukinikuta na kikombe changu chekundu chenye ganda la limau, usiniulize kama maziwa yameisha.